Kura Hairithiwi

Msomaji kijana, lipo neno ambalo bila shaka umelisikia nyumbani kwenu kabla hujajua kusoma. Neno lenyewe ni hili: "Sisi ni watu wa chama fulani." Baba hulisema wakati wa chakula, ami hulisema barazani, na pengine bibi hulisema akiwa kitandani, ingawa miguu yake haimpeleki tena kituoni. Hulitamka kwa sauti ile ile itumikayo kusema, "Sisi ni watu wa ukoo fulani." Mtoto alisikiaye haulizi sababu. Hulipokea pamoja na jina la babu yake, hukua nalo, na atimizapo umri wa miaka 18 hulibeba mpaka kituo cha kupigia kura, akalitumbukiza sandukuni, akarudi nyumbani akidhani amepiga kura. Mimi nasema hajapiga. Aliyepiga kura ni babu yake, na huenda babu yake alikwisha kufa zamani.

Nataka kumtetea mtu asiye na wakili. Mtu huyo ni mpiga kura ambaye moyo wake umeanza kukipa kisogo chama cha jamaa zake, lakini haujakiacha bado. Hajahama, anasitasita tu. Jirani zake humwita kigeugeu. Ndugu zake husema amelishwa kitu. Wakubwa wa chama husimama jukwaani wakamwita msaliti, umati ukapiga makofi, na yeye mwenyewe yumo katika umati ule, naye hupiga makofi vilevile ili asijulikane. Mtu huyu si mgonjwa wala si mwovu. Katika nchi yetu ya Kenya mimi namhesabu kuwa miongoni mwa raia wenye faida kubwa kabisa.

Tumchukue mtu mmoja wa kufikirika, tukampa makao yake Kilifi. Hana jina, wala asitafutwe. Mwezi wa Mei mwaka wa 1963 babu yake alikipigia kura chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, kwa kuwa KADU kilisema kwamba serikali za majimbo zingewalinda watu wa makabila madogo wasimezwe na makubwa. Sisemi kwamba sababu hiyo ilikuwa njema au mbaya. Nasema ilikuwa sababu, na mwenye kura alikuwa nayo kichwani mwake alipokwenda kituoni. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1964, baada ya miezi 18 tu, viongozi wa KADU walikivunja chama chao, wakajiunga na KANU. Je, yule mzee aliulizwa? Hakuulizwa. Alilala mtu wa KADU, akaamka mtu wa KANU, na tangu siku ile nyumba yake ikahesabiwa kuwa nyumba ya KANU.

Mwanawe, yaani baba wa mtu wetu, alikulia katika hali hiyo. Tangu mwaka wa 1969 hapakuwa na chama kingine cha kukiingia, na mwaka wa 1982 sheria yenyewe iliandikwa kwamba chama nchini kitakuwa kimoja tu. Mwaka wa 1988 watu walipangwa milolongo mchana kweupe kuteua wagombea wa KANU, kila mtu nyuma ya picha au wakala wa mgombea wake, na chifu akitazama ni nani asimamaye wapi. Mgombea aliyetangazwa kupata zaidi ya 70 kwa mia ya watu wa mstari alikuwa amekwisha kupita, wala hakungojea sanduku la siri. Baba wa mtu wetu alisimama katika mstari ule, akasimama mahali pa salama. Ukimwuliza leo atakwambia kwamba alikuwa mwaminifu kwa chama. Sitaki kumvunjia heshima mzee wa watu, lakini uaminifu wa mtu aliyefungiwa milango yote isipokuwa mmoja una kipimo gani?

Mtu wetu mwenyewe alizaliwa mwaka ule ule wa 1982. Alipiga kura yake ya kwanza mwezi wa Desemba mwaka wa 2002, akaipa NARC, kama walivyofanya wengi sana wa marika yake nchi nzima. Mwaka wa 2004 alioa. Mwaka wa 2005 ikaja kura ya maoni juu ya katiba, waliokubali wakapewa alama ya ndizi na waliokataa wakapewa alama ya chungwa, na katika chungwa hilo kikazaliwa chama cha ODM. Mwaka wa 2007 alikipigia kura chama hicho, na mwaka wa 2013 tena, na wa 2017 tena. Basi siku moja, akiwa amekaa chini ya mwembe, anamwambia nduguye mkubwa kwamba safari hii hana hakika. Nduguye anakasirika, anasema: "Wewe unataka kukiacha chama cha wazee wetu!"

Chama cha wazee wao! Chama hicho ni kichanga kuliko ndoa ya mtu mwenyewe. Babu yao hakukiona. Baba yao alikuwa mtu mzima mwenye mvi kabla hakijapata jina. Haya hayakipungukii chama cha ODM peke yake. Chukua chama chochote kilichotawala au kilichopinga serikali katika miaka hii, ukihesabu umri wake, utaona kwamba karibu vyote vingeweza kuwa watoto wa wapiga kura wao. Jubilee iliundwa mwaka wa 2016 kwa kuunganisha vyama kadhaa. UDA iliingia katika uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza kwa jina hilo mwaka wa 2022. Vyama vyetu huzaliwa, huoana, huachana na kufa upesi kuliko mbuzi wa zizini, na juu ya hayo yote tunaambiwa kwamba ni urithi wa mababu.

Kwa hiyo lile tuliitalo chama cha jamaa si chama. Kirithiwacho ni kitu kingine: ni mazoea ya kumfuata mtu mkubwa wa upande wetu popote aendapo, akibadili kofia nasi tukabadili, akirudi nyuma nasi tukarudi, kisha tukajiita waaminifu.

Hapo ndipo ninapotaka kuuliza swali ambalo halikuulizwa jukwaani. Ni nani katika nchi hii aliyehama zaidi: mpiga kura au mkubwa wake? Daniel arap Moi alikuwa wa KADU mwaka wa 1960. Akaingia KANU mwaka wa 1964, na baadaye akakiongoza KANU kwa miaka mingi, akidai kila mtu akiandame bila kusita. Mwai Kibaki alikuwa KANU, akaunda DP mwishoni mwa mwaka wa 1991, akashinda kwa NARC mwaka wa 2002, akatetea kiti chake kwa PNU mwaka wa 2007. Raila Odinga alichaguliwa kwa FORD-Kenya mwaka wa 1992, akagombea urais kwa NDP mwaka wa 1997, akaingia KANU mwezi wa Machi mwaka wa 2002, akatoka mwaka huo huo, akawa nguzo ya NARC, kisha ya ODM. Uhuru Kenyatta aligombea urais kwa KANU mwaka wa 2002, kwa TNA mwaka wa 2013, kwa Jubilee mwaka wa 2017. William Ruto alipita KANU, ODM, URP na Jubilee kabla ya kushinda kwa UDA mwaka wa 2022. Sihesabu haya ili kuwatukana. Huenda katika kuhama kwao mlikuwa na sababu nzuri, na mara nyingine hakika zilikuwamo. Ninachosema ni hiki: ikiwa mkubwa ahamapo huitwa mwanasiasa hodari, kwa nini mkulima wa Kilifi asitesitapo tu huitwa msaliti?

Watu hupenda kumfunga kinywa kwa methali. Humwambia, "Mwacha mila ni mtumwa." Methali hii ni kweli tupu, nami naifundisha darasani bila haya. Walakini mila ni jinsi tumzikavyo maiti, jinsi tumpokeavyo mgeni, jinsi kijana amwamkuavyo mtu mzima. Mila hulindwa na wote na haina msajili wa kuisajili wala wa kuifuta. Chama kina cheti katika ofisi ya serikali, kina katibu na mweka hazina, na kikishindwa kutimiza masharti ya sheria hufutwa kama duka lisilolipa leseni. Kumwita mtu aachaye chama kuwa mwacha mila ni kulivika duka kilemba cha mzee.

Sasa tutazame moyo wa mtu wetu, tuone ni nini kimemsitisha. Shamba analolilima si lake kwa hati; babu yake alilima hapo, baba yake alilima hapo, na kila uchaguzi mkuu mgombea alikuja akaahidi hati, wala si mgombea wa chama kimoja tu. Kiwanda cha korosho ambacho zamani kilinunua mazao ya Kilifi kilifungwa, na kila mgombea alikuja akaahidi kukifungua. Mkewe huchota maji mbali. Hayo yote ameyavumilia kwa miaka mingi akiamini kwamba uvumilivu ndio uaminifu. Kilichomwamsha si chuki, ni hesabu. Alijiuliza: "Je, hawa wangekuja mbio zaidi kama wangejua naweza kuwanyima kura?"

Hesabu hiyo ni sahihi, na mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni anaijua. Mchuuzi ajuaye kwamba huna duka jingine la kwendea hupima kwa kibaba kidogo. Katika majimbo yaitwayo ngome za chama, ushindani wa kweli huishia katika uteuzi wa ndani. Apataye cheti cha chama hicho amekwisha kuwa mbunge miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kilichosalia ni sherehe. Basi wagombea hawamhangaikii mwenye kura tena. Humhangaikia mwenye vyeti. Huzunguka usiku kwa wakubwa wa chama, na mwananchi huletewa jina lililokwisha kupikwa, akaambiwa, "Huyu ndiye wetu." Halafu huombwa apige kura kwa mtindo wa suti kamili: karatasi sita, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, zote kwa chama kimoja bila kutazama nyuso. Katiba ya mwaka wa 2010 ilimpa karatasi sita ili awe na akili sita za kuamua. Wenye vyama wanamwomba aziache tano nyumbani, na ile ya sita wampe wao.

Lakini pametokea mahali ambapo watu walikataa. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2019, katika uchaguzi mdogo wa Ugenya, nchi ya Nyanza ambamo ODM kilikuwa na nguvu nyingi, watu walimchagua mgombea wa chama kidogo cha MDG. Mwezi wa Julai mwaka wa 2021, katika uchaguzi mdogo wa Kiambaa, Kiambu, wakati Uhuru Kenyatta alipokuwa rais na kiongozi wa Jubilee, mgombea wa Jubilee alishindwa kwa kura 510. Ugenya haikuzama ziwani. Watu wa Kiambaa hawakukosa mvua. Wakubwa walioshindwa walikwenda kuuliza kwa nini, na kwenda kuuliza ndiko kulikokuwa kumekosekana.

Wala mambo haya si yetu peke yetu. Huko Uingereza kuna wilaya za zamani za makaa ya mawe ambako kukipigia kura chama cha Labour kulikuwa kama kuvaa nguo, na tena wao walikuwa na haki kuliko sisi kukiita chama cha baba, kwa maana babu zao walikijenga kweli, kwa ada za vyama vya wafanyakazi na migomo ya njaa. Jimbo la Bolsover lilichagua Labour tangu lilipoundwa mwaka wa 1950. Dennis Skinner, ambaye mwenyewe alikuwa mchimba makaa, alikaa katika kiti hicho tangu mwaka wa 1970. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2019 wakampa kiti mtu wa Conservative. Wengi walikuwa wakisitasita miaka mingi kabla ya hapo, na hapakuwa na aliyewasikiliza. Mwezi wa Julai mwaka wa 2024 wakakirudisha kwa Labour. Angalia, msomaji: walikwenda, wakarudi, na hakuna kaburi la babu lililopasuka.

Ninajua jibu nitakalopewa, na ni jibu zito. Nitaambiwa: "Mwalimu, wewe wasema maneno ya vitabuni. Sisi hatukukifuata chama kwa ujinga. Tulikifuata kwa damu." Na ni kweli. Mwaka wa 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU na kuingia KPU, sheria ilibadilishwa upesi ili kila aliyehama naye arudi kuomba kiti chake upya. Kati ya wabunge na maseneta 29, walioshinda kwa KPU ni 9 tu. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1969 risasi zilipigwa Kisumu siku ya kufunguliwa kwa hospitali, watu wakafa, na baada ya siku chache KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Nyumba iliyozika mtu katika siku zile haiwezi kuiona siasa kama ununuzi wa sukari. Kwa kijana wa nyumba hiyo, kukipa kisogo chama cha upande wake ni kama kumkanyaga aliyelala kaburini. Yeyote amchekaye kijana huyo hana utu.

Hata hivyo nathubutu kumwuliza kijana huyo kwa upole. Wale waliokwenda na KPU mwaka wa 1966 walikuwa watu gani? Walikuwa watu waliokiacha chama chao. Walikuwa KANU, chama kilicholeta uhuru, chama kikubwa kuliko vyote, nao wakatoka kwa kuwa hawakuridhika na mwendo wake, wakijua gharama. Atakaye kuwaheshimu awaheshimu kwa lile walilolifanya.

Nimefika sasa katika sababu iliyonifanya nichukue kalamu, na ninaomba uisome polepole.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba mwaka wa 2007. Matokeo yalipotangazwa pakazuka fujo, na tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, mbali na mamia ya maelfu waliofukuzwa makwao. Tarehe 1 Januari mwaka wa 2008 wanawake na watoto waliokimbilia kanisani mahali paitwapo Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo ndani. (Ni Kiambaa nyingine, si ile ya Kiambu niliyoitaja.) Jiulize: wale waliowasha moto walijuaje ni nani aliyempigia kura nani? Kura ni siri. Hakuna aliyeonyeshwa karatasi. Watoto wa kanisani hawakuwa na kura kabisa. Na katika miji mingine ya nchi hii, ambako waliouawa walikuwa wa upande wa pili, hakuna aliyeulizwa vilevile. Wauaji hawakuhitaji kuuliza, kwa maana walikuwa wamekwisha kujibiwa na jina la ukoo. Jina lilisema kabila, kabila likasema chama, chama kikasema adui. Mnyororo ule ulifanya kazi kwa sababu moja: kila mtu aliamini kwamba watu wa jina fulani hupiga kura moja.

Basi hii ndiyo faida ya mtu wetu wa Kilifi, na wenzake wa Siaya, na wa Nyeri, na wa Kericho, na wa Kakamega. Kila mmoja wao asitapo, pete moja ya mnyororo ule hulegea. Ikiwa katika boma moja baba amekwenda huku, mama amekwenda kule, na kijana hajulikani alikokwenda, jina la boma lile halimwambii mtu yeyote neno lolote. Mwenye panga akifika mlangoni hana orodha. Anayetaka kuwaandama watu kwa kura zao atalazimika kwenda kwa kila mmoja na kumwuliza, na kwa kazi hiyo hatapata jeshi. Katiba yetu, katika kifungu cha 91, hukikataza chama kujengwa juu ya kabila, lugha, dini au eneo. Ni maandishi mema. Lakini maandishi hayo hayatatimizwa na wakubwa wa vyama, maana hawana faida nayo. Yatatimizwa na mtu mmoja mmoja asiyeweza kukisiwa.

Yanipasa kumtenga mtu huyu na wengine wawili wanaofanana naye kwa mbali. Wa kwanza ni yule ahamaye kwa sababu ya pakiti ya unga, fulana na noti ya shilingi 200. Huyo hakusita, ameuza. Hatuna la kumtetea, ila tukumbuke kwamba aliyemnunua ana hatia kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hakuwa na njaa. Wa pili ni kundi zima lihamalo siku moja kwa tamko la mkubwa mmoja. Leo wilaya nzima imevaa rangi hii, kesho mkubwa amepatana na adui wake wa jana, na wilaya nzima imevaa rangi ile. Watu husema, "Tazama jinsi wapiga kura walivyoamka!" Hawakuamka. Wamegeuzwa upande wakiwa usingizini, kama babu yetu wa mwaka wa 1964. Kuhama kwa kundi si dalili ya akili huru, hata kundi likihamia mahali pazuri.

Nina neno pia kwa ajili ya mama wa nyumba, kwa kuwa katika habari za chama cha jamaa yeye hutajwa mwisho au hatajwi kabisa. Mwanamke aolewapo hutarajiwa kuhama na chama chake pamoja na sanduku lake la nguo. Wapo waume ambao usiku wa kuamkia uchaguzi huwapa wake zao mafunzo, nambari kwa nambari, na asubuhi huwauliza tena kama mwalimu asahihishaye hesabu. Wapo na wana wanaowaongoza wazazi wao wazee mpaka ndani ya kibanda, si kuwasaidia kuona, bali kuhakikisha. Kifungu cha 38 cha Katiba kimempa kila raia mtu mzima kura ya siri. Hakikusema kila raia isipokuwa mke wa mtu.

Na wewe, msomaji, huna miaka mingi mbele yako kabla ya kuingia katika mambo haya. Katiba imeweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Utachukua kitambulisho, utajiandikisha, utasimama katika mstari mrefu tangu kabla ya jua kuchomoza, na katika mstari ule watakuwamo ami zako na jirani zako, wakizungumza kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Utapewa karatasi sita. Utaingia katika kibanda kidogo cha kadibodi ambamo hamna kiti wala picha ya babu. Humo ndani utakaa dakika chache ambazo hakuna mtu duniani awezaye kuzidai. Ukiisha kuwatazama wagombea, na mioyo yao kadiri iwezekanavyo, ukaona kwamba chama cha nyumbani ndicho kilicho bora, kipe kura yako kwa furaha. Hiyo itakuwa kura yako kweli, na chama hicho kitakuwa kimeipata kwa haki. Ukiona vingine, fanya vingine. Ukiona wawili ni wa chama hiki na wanne ni wa kile, kalamu haitakataa.

Jioni baba yako huenda akakuuliza uliwapigia nani. Huna haja ya kumdanganya, wala si adabu kugombana naye. Mletee maji ya kunawa, kaa kitako karibu naye, umwombe akuhadithie yeye kwanza alimpigia nani, na kwa sababu gani, na mara ya kwanza kabisa alipopiga kura alikuwa na sababu gani. Mpe nafasi afikiri. Huenda tangu aanze kupiga kura hajaulizwa hivyo na mtu yeyote.